Trekta lenye kabini au la wazi? Soma hapa kabla hujalipa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Magugu alinitumia picha mbili kwa WhatsApp, chini yake maneno machache tu: "Shikamoo bwana shamba. Nichukue lipi?"

Picha ya kwanza ni trekta jipya la wazi, jekundu, nguvu farasi 75, limewekewa kiturubai cha jua juu ya kiti. Ya pili ni trekta la mtumba kutoka Uingereza, nguvu karibu hizohizo, lina kabini ya vioo pande zote. Bei zimepishana kidogo sana. Kijana ana ekari 40 za kwake na anataka kulimia watu kuanzia Magugu hadi huko Kiteto. Hela ni ya mkopo.

Kila mwaka ikifika Agosti au Septemba, kabla ya msimu wa kulima, swali hili linanifikia kwa namna moja au nyingine. Nimeona nilijibu hapa kwa urefu ili na wengine mfaidike. Pia kuna sababu nyingine. Niliwahi kuulizwa swali linalofanana na hili zamani, nikajibu kwa haraka, na jibu langu lilikuwa baya. Nitawaambia mbele kidogo.

Kwanza tuelewane kabini ni nini. Wengi tukiona vioo na mlango tunasema "hili lina kabini", basi, tunaongeza bei kichwani. Lakini ndani ya neno hilo moja kuna mambo matatu tofauti. Kuna fremu, yaani nguzo za chuma zinazomkinga dereva trekta likipinduka. Kuna chumba chenyewe, kinachozuia vumbi, kelele na dawa. Halafu kuna ubaridi, yaani AC. Mteja akiingia yadi anavutiwa na ubaridi, anadhani amenunua vyote vitatu. Mambo haya yanaweza kuachana kabisa. Unaweza kupata fremu nzuri bila ubaridi, au chumba kizuri ambacho AC imekufa, au vioo vinavyong'aa juu ya mabati ambayo hayawezi kubeba hata uzito wa boneti.

Kwa nini mitumba mingi ina kabini

Matrekta mengi ya mtumba yanayotoka Uingereza yana kabini, na sababu yake si kwamba wazungu wanapenda anasa. Ni sheria. Mwaka 1959 Uswidi iliagiza kila trekta jipya liuzwe likiwa na kinga ya kupinduka, kwa sababu wakulima walikuwa wanakufa chini ya matrekta yao. Uingereza ikafuata mwaka 1970: trekta jipya lazima liwe na kabini au fremu ya usalama iliyopimwa. Baadaye katika muongo huohuo wakaongeza sharti la kelele, sikioni mwa dereva zisizidi desibeli 90. Ndiyo maana ukiona Ford au Massey Ferguson ya miaka ya 1980 kutoka kule, imezibwa vizuri, ina sponji za kuzuia sauti hadi kwenye dari.

Sasa angalia. Kabini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayelima kwenye mvua na baridi. Nyingi ndani zina hita na wala hazina AC! Ukiileta Magugu mwezi wa kumi, saa saba mchana, umempa dereva wako chumba cha vioo chini ya jua, injini ikimchoma miguuni. Jua linaingia kupitia kioo, joto halitoki. Dereva atafanya nini? Atafungua milango yote na dirisha la nyuma. Akishafungua, vumbi linaingia na kuzunguka humo ndani, na kelele zinaingia na kugonga kwenye dari na kurudi masikioni. Kwa upande wa joto, vumbi na kelele, kabini ya namna hiyo ni mbaya kuliko trekta la wazi, kwa sababu kwenye la wazi walau upepo unapita.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa mtumba si "lina kabini?" Kabini unaiona. Muulize: "Nikifunga milango yote saa saba mchana, dereva atakaa humo saa nzima?" Kama hawezi, hesabu kwamba unanunua trekta la wazi lenye fremu. Hilo nalo si baya hata kidogo, mradi bei iwe ya trekta la wazi.

Jibu langu baya

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa kwenye kata moja ya miteremko, huku juu. Kulikuwa na mkulima mmoja, kanizidi umri, nilikuwa namwita kaka. Alikuwa na mtumba wenye kabini kama nilivyoeleza. Msimu wa haro alikuwa anautuma kulima mashamba ya bondeni kwenye joto, na dereva akawa analalamika. Siku moja tulikutana dukani akaniuliza, "Bwana shamba, hii nyumba ya vioo inanipikia dereva. Nikiikata?"

Nikamwambia, "Ikate tu kaka, uweke turubai."

Sikuuliza kitu kingine. Sikwenda hata kuliangalia. Nilikuwa najua mbegu, mbolea na wadudu. Habari za trekta nilizijua za plau na kina cha kulima, basi. Fundi akaja na mtungi wa gesi, asubuhi moja kazi ikaisha. Nguzo nne zilikatwa karibu na madigadi, kabini yote ikanyanyuliwa na vijana sita ikaenda kuwekwa nyuma ya nyumba. Zile nguzo ndizo zilikuwa fremu.

Msimu uliofuata, mvua zimeshaanza, dereva alikuwa anageuza mwisho wa shamba kando ya korongo. Ukingo ulikuwa umelowa, gurudumu la nyuma likazama, trekta likalala ubavu. Dereva alianguka upande uleule na digadi ikambana nyonga. Alipona. Alilala miezi mingi, anatembea kwa fimbo, na trekta hajapanda tena. Tunasalimiana vizuri kila tukikutana. Hajui kwamba mwenye trekta aliniuliza kabla ya kukata. Kabini bado iko pale nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo.

Nimeyaandika haya kwa sababu hadi leo naona mafundi wanakata kabini za mitumba, na wenye matrekta wanafurahi kwamba dereva anapata hewa. Kama joto limekushinda, vua milango. Toa kioo cha nyuma na vya pembeni, vifungie karatasi uviweke stoo, utavihitaji. Acha nguzo na paa mahali pake, usikate wala usitoboe. Hewa itapita na fremu itabaki. Kazi yenyewe ni ya spana, gesi haihitajiki.

Turubai la jua halikingi kitu

Turudi kwenye picha ya kwanza, lile jekundu. Kijana aliniandikia kwamba muuzaji amemwambia lina "kinga ya juu". Hiyo kinga ni vibomba vinne vyembamba vilivyofungwa kwenye madigadi, na turubai. Inazuia jua, na kwa jua ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila trekta la namna hiyo lina uzito wa tani mbili na zaidi. Likipinduka, vile vibomba vinakunjika kama mabua.

Fremu ya kweli kwenye trekta la wazi utaitambua. Ni chuma kinene, mara nyingi nguzo mbili nyuma ya kiti zilizounganishwa juu, na chini imefungwa kwa bolti kubwa kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma. Kufungwa kwenye bati la digadi hakutoshi. Ina kibao kidogo kinachoonyesha aina ya trekta inayofaa na namba ya kiwango iliyopimiwa, utaona herufi kama OECD au ISO. Kama hakuna kibao, usikubali maneno. Na fremu ya kuchomelewa mtaani, hata fundi awe mzuri vipi, hakuna aliyeipima. Inaweza kukatika kwenye kiungo siku unayoihitaji.

Fremu bila mkanda ni nusu ya kazi. Trekta likilala, dereva asiyefunga mkanda anarushwa nje, na mara nyingi anarushiwa palepale fremu yenyewe inapoangukia. Kuna fremu za kukunja, nzuri sana kwa wenye parachichi, kahawa au ndizi kwa sababu unapita chini ya matawi. Hizo zina kanuni yake: fremu ikiwa imesimama, funga mkanda; ukiikunja, fungua mkanda, maana likipinduka hapo huna kinga na mkanda utakufungia chini yake. Ukitoka chini ya miti, isimamishe. Watu wakishaikunja mara moja huisahau hadi msimu uishe.

Wenzangu wa mpunga wananiambia, "Sisi tuko tambarare, hatupinduki." Jamani. Kwenye majaruba ndiko trekta linapopinduka kwa nyuma. Gurudumu limezama kwenye tope, dereva anafunga gogo mbele ya matairi ya nyuma ili lipande, au anafunga mnyororo juu, kwenye ile mikono mitatu ya kubebea plau, ili avute mwenzake aliyekwama. Anaachia klachi kwa ghafla. Tairi haliwezi kuzunguka, basi mwili wa trekta ndio unazunguka kwenye ekseli, pua inapanda juu. Kuanzia pua inyanyuke mpaka trekta lifike pale ambapo halirudi tena ni chini ya sekunde moja. Hakuna mtu mwenye mguu wa haraka hivyo kwenye klachi. Mnyororo ufungwe chini kwenye ndoano ya kuvutia, siku zote. Na fremu hapo ndiyo inayolizuia lisimalize mzunguko juu ya dereva.

Jambo moja dogo kabla sijaendelea: utingo. Kwenye trekta la wazi utingo anakaa kwenye digadi, tumezoea, hata mimi nimekaa sana nikiwa kijana. Kabini yenye kiti kimoja inakunyima hiyo nafasi, na madereva wanaona ni kasoro. Mimi naona ni faida. Fremu inamkinga aliye kwenye kiti chenye mkanda, aliye digadini hakingwi na chochote.

Vumbi na kelele

Mkulima mwenye ekari 20 anayelima siku tatu kwa mwaka asijisumbue sana na sehemu hii. Nawasemea mnaotaka kulimia watu, siku 50 au 60 mfululizo.

Kipimo rahisi cha kelele ni hiki: simama hatua moja kutoka kwa mwenzako trekta likiwa kazini. Kama lazima upaze sauti ndipo akusikie, mmeshapita kiwango cha kuanza kuumiza masikio, desibeli 85 hivi. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 97 ni nusu saa. Trekta la wazi likivuta plau kwa nguvu zote mara nyingi liko kati ya 90 na 100, na dereva wetu anakaa hapo saa 10. Kabini nzuri iliyofungwa inashuka chini ya 80. Mnawajua madereva wa zamani wanaoongea kwa kupiga kelele hata wakiwa msibani? Wengi wao hawakuzaliwa hivyo.

Kama umechagua la wazi, viziba masikio ni bei ya lita chache za dizeli. Nunua pea mbili, moja itapotea. Kwa vumbi, kitambaa cha puani hakisaidii kitu kwenye chembe ndogo. Tafuta barakoa ya vumbi zile za N95 au FFP2, na umbadilishie dereva zikichafuka.

Kabini yenye AC inashinda vumbi kwa njia ambayo wengi hawaijui. Feni inavuta hewa kupitia filta na kuisukuma ndani, presha ya ndani inakuwa kubwa kidogo kuliko ya nje, hewa inatoka kwenye matundu badala ya kuingia. Kwa hiyo raba za milango zikiwa zimeoza, au filta imeziba, au dereva ameacha dirisha "kidogo tu", umelipia hewa ya bure. Ile filta ya kabini ni tofauti na ya injini. Nimekutana na mwenye trekta la miaka minne hajui iko wapi. Tulipoitoa, iko darini, ilikuwa imejaa vumbi na manyoya ya kiota cha panya.

Kupulizia dawa

Hapa nawaomba msikilize. Vijana wengi wananiambia wananunua kabini ili wapulizie dawa bila kuvaa kitu. Kabini ya kawaida haijatengenezwa kwa hilo.

Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 15695, kinagawa kabini katika madaraja manne. Daraja la 1 halina kinga yoyote iliyoainishwa. La 2 linazuia vumbi. La 3 linazuia vumbi na matone madogo ya dawa yanayoelea hewani. La 4 tu ndilo linazuia na mvuke, kwa sababu filta yake ina kaboni. Kama kwenye kitabu cha trekta lako hakuna daraja lililotajwa, chukulia hakuna kinga. Hata la 2, ambalo ni zuri kwa haro, mvuke wa dawa unapita kama kawaida, na sasa umefungiwa nao chumbani. Filta ya kaboni nayo ina umri wake. Haioshwi, haipulizwi kwa kompresa, inabadilishwa.

Na hata ukiwa na daraja la 4, nozeli ikiziba utashuka kuizibua. Umevaa glavu, zimegusa dawa, unarudi nazo na kushika usukani. Kesho unashika usukani huohuo mikono mitupu, halafu unakula chapati. Glavu na ovaroli za dawa zivuliwe nje, zikae kwenye boksi nje ya kabini. Mwenye trekta la wazi avae vyote na apange mistari yake upepo ukiwa ubavuni, asipulizie kwa kuufuata, maana wingu lote litamrudia mgongoni.

Hesabu ya hela

Tuchukulie mfano wa trekta jipya la aina moja, la wazi na lenye kabini na AC. Namba ni za mfano tu, weka za kwenu. Tuseme tofauti ya bei ni milioni 12. Unalimia ekari kwa 60,000. Dizeli lita 7 kwa 3,000 ni 21,000. Dereva 5,000. Unatenga 9,000 ya matengenezo. Kinabaki 25,000 kwa ekari.

Plau la diski tatu kwenye udongo wa kawaida linakupa karibu ekari moja kwa saa, ukipunguza kugeuza na kukwama. Dereva wa trekta la wazi bondeni anapumzika saa sita hadi saa tisa, na ni haki yake. Aliye kwenye kabini inayopoa anaweza kuendelea. Tuseme kabini inakuongezea ekari 2 kwa siku, kwa siku 50. Ni ekari 100 za ziada, milioni 2.5 kwa msimu. Milioni 12 inarudi karibu msimu wa tano, na hapo sijaweka riba ya mkopo wala gharama ya AC yenyewe.

Ila hizo ekari 100 lazima ziwepo! Huyu kijana wangu ana ekari 40. Tuseme mwaka wa kwanza anapata za watu 60. Jumla 100, kwa ekari 8 kwa siku ni siku 13, kazi imekwisha. Saa za ziada atazipeleka wapi? Kwake yeye, leo, kabini ya AC hairudishi hela. Mwenye mikataba ya ekari 600 na haro juu yake, hesabu yake ni nyingine kabisa, na mimi ningemwambia anunue bila kusita.

Kuna wanaokwepa joto kwa kulima usiku na trekta la wazi. Inafanya kazi, dizeli ni ileile na dereva anapata nafuu. Lakini taa ziwe nzuri mbele na nyuma, shamba liwe limekaguliwa mchana visiki na mashimo, na dereva awe amelala mchana kweli, asiwe alikuwa anabeba mizigo kwa tela.

Gharama za AC msizidharau. Kompresa, mkanda wake, mabomba, na gesi. Habari njema ni kwamba mafundi wa AC za magari mjini wanaweza kujaza gesi na kutafuta inapovuja, mfumo ni uleule. Habari mbaya ni vumbi: kondensa, mara nyingi iko mbele ya rejeta, inaziba majani na vumbi, AC inaacha kupoza na injini nayo inaanza kuchemka. Msimu wa haro ipulizwe kila siku, hewa itoke upande wa injini kuja nje. Kioo cha mbele kikipasuka, spea inaweza kuchukua wiki kadhaa kufika. Usiweke kioo cha dirisha la nyumba. Cha trekta kikivunjika kinakuwa chembechembe, cha nyumba kinakuwa visu.

Ukienda kukagua

Nenda saa sita mchana, usiende asubuhi. Asubuhi kila AC inapoza. Washa injini, iache dakika 20 ikiwa juani, milango imefungwa, na wewe ukae ndani. Feni ikiwa juu kabisa, funga mlango wa mwisho polepole. Ukihisi unasukumwa kidogo na hewa, presha ipo. Ukifunga kama mlango wa choo, haipo. Omba kulivuta kwenye udongo mkavu na haro kwa nusu saa. Kabla ya kuanza futa dashibodi kwa kitambaa cheupe, ukimaliza futa tena, kitambaa kitakuambia.

Kwa mtumba, inama uangalie nguzo zinapokutana na ekseli. Kutu, rangi mpya ya mahali pamoja, au alama ya kuchomelea, achana nalo. Fremu iliyowahi kupinduka haipaswi kutumika tena hata ikinyooshwa. Angalia kama mkanda upo na unafunga. Mengi ya zamani hayana, na unaweza kuufunga, ila ushikwe kwenye msingi wa kiti, usishikwe kwenye bati.

Halafu muite atakayeliendesha. Apande na kushuka mara tano, aangalie nyuma kama anaona plau. Tajiri anakagua rangi, dereva anakagua kiti.

Nilimjibu kijana wa Magugu hivi: kwa ekari zako, chukua lile jekundu la wazi, lakini si na kile kiturubai. Mwambie muuzaji afunge fremu ya kiwandani na mkanda, bei iandikwe kwenye karatasi, halafu turubai liwekwe juu yake kwa ajili ya jua. Akikataa, chukua mtumba, vua milango msimu wa joto, na ule fundi wa gesi asikaribie. Ukifika ekari 400 za watu, nitafute tena tuongee habari ya AC.

Akaniuliza fremu inaongeza bei, je, ni lazima kweli, maana wenzake hawana. Nikamuuliza trekta ataendesha nani. Akakaa kimya kidogo, halafu akaandika: "Mdogo wangu."

Jana usiku alinitumia picha nyingine. Nguzo mbili nyeusi nyuma ya kiti, kibao kinasomeka, mkanda bado umo ndani ya nailoni. Nimemwambia atoe nailoni.